Wakati Mashine Inapata Moto

Subiri kidogo. Umeme umerudi sasa hivi
na mashine hii haipendi kuharakishwa.
Kitambulisho, nyuma na mbele, kopi mbili. Nimesikia.
Basi geukia rafu ile,
juu ya rimu za karatasi, chini ya kalenda ya mwaka juzi.

Usiniulize kama vimo kwenye mtihani.
Havimo.
Vimeandikwa na watu wa hapa hapa Mwanza
ambao wachapishaji hawakuwajibu hata kwa tusi.
Mmoja aliuza mbuzi, mmoja alikopa kikoba,
nikachapa usiku, nikabana kwa gundi,
vidole vikaninuka wiki nzima.

Chukua kile chembamba, cha kijani.
Shija Lubinza, mlinzi wa kiwanda cha minofu, Igogo.
Mzigo wa mabondo umepotea kati ya mzani na jokofu:
walinzi watatu, mlango mmoja, kufuli zima.
Mwizi simtaji. Ila mtazame
yule anayenawa mikono akiwa hajagusa kitu.

Mapenzi? Yapo. Nyanzobe Magesa, muuguzi wa Nansio.
Mjane wa miaka hamsini na nane na fundi wa injini za mitumbwi.
Hakuna anayezimia, hakuna anayekimbia mvuani.
Kuna deni la petroli, na mwanamke
anayelipokea kidogo kidogo, makusudi,
ili mwanamume asikose sababu ya kurudi.
Wanashikana mikono ukurasa wa mia na kumi.
Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Kile kinene ni cha Doto, kijana wa Igoma.
Mwaka elfu mbili mia moja na hamsini, ziwa limekauka,
Ukerewe si kisiwa tena, ni kilima,
watu wanakwea kuwaonyesha watoto maji yalipokuwa yakianzia.
Mawe yetu yamebaki, ila kila moja lina namba na mpangaji.
Amejaza majina ya mitambo mpaka ulimi unakwama.
Ruka. Mimi niliruka.
Lakini sura ya bibi anayeuza harufu ya sato ndani ya chupa,
hiyo usiiruke.

Na hiki kisome mchana.
Magugu maji yanaingia nyumbani kwa watu, Kirumba,
kwanza kwenye ndoo, kisha kwenye kikombe,
kisha mtoto anakohoa jani.
Mwandishi hakuweka jina. Hataki mchungaji wake ajue
anayoyawaza wakati wa sadaka.

Narudi kwa Shija, kuna jambo lazima niungame.
Ukurasa wa sitini na tatu umejirudia,
wa sitini na nne haupo.
Kosa langu. Usingizi.
Pesa ya kuchapa upya hakuwa nayo, wala mimi,
nikauandika kwa mkono, nakala hamsini,
hamsini, kwa kalamu ya bluu, hapa hapa kaunta.
Kufikia ya thelathini mkono ukaanza kuwa na maoni:
ikanyesha mvua ambayo Shija hakuiandika,
mlinzi mmoja akamkumbuka mama yake.
Alipokuja nikampa. Akasoma akiwa wima,
akarudia,
akasema, Hizi ishirini usiziuze bei ile ile.
Sijui mpaka leo alimaanisha ipande au ishuke.

Haya, kopi zako hizi. Mia nne.
Kitambulisho kipo bado kwenye kioo, kichukue.
Hapana, si kwa mkono huo.
Mkono huo una kidole ndani ya kitabu.
Ukurasa wa ngapi?
Usikunje, usikunje.
Ngoja nikukatie kipande cha karatasi.